Mashine Waliyoitangaza Marehemu

Fundi wa soko la mji wetu wa Baraka alipoitangaza mashine yangu, kompyuta ya mezani, kuwa marehemu, hakuinua hata macho. Alikuwa anatafuna karanga. Alibonyeza vitufe viwili vitatu, akajifuta vidole kwenye suruali, kisha akatoa hukumu.

"Mama mwalimu, iyi iko mufu. Tufanye tu formatage, tuweke programu mupya. Na iyo mupya nayo sijue kama itakubali. Mashine iko muzee."

Nilimwuliza formatage ni kitu gani, ingawa nilijua.

"Tunafuta bintu byote bya ndani. Inakuwa safi."

"Na folda zangu?"

"Folda gani, mama? Virusi ilishakula byote. Mule hamuna tena kitu."

Mimi mtu akiniambia kitu hakipo, nataka kwanza anionyeshe mahali ambapo hakipo. Yule fundi hakunionyesha chochote ila maganda ya karanga. Nikazungushia mashine kitenge, nikaiweka kichwani, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia watu wa kibanda cha jirani wakicheka. Wacheke tu. Ilikuwa mashine yangu na shingo yangu.

Niseme mapema nilichokuwa nakitafuta ndani yake, msomaji asije akadhani napenda vyuma. Nilikuwa natafuta shamba. Liko Lweba, juu kidogo ya barabara, lina mihogo na michikichi kumi na saba. Tulipooana, mimi na mume wangu, kijiji kilitupa kichaka pale. Yeye alikuwa anafundisha sekondari, chaki ilikuwa imemlainisha mikono, kwa hiyo kichaka nilikifyeka mimi. Sisemi hivyo kumsuta marehemu. Yeye mwenyewe alikuwa akilisema mbele za watu, tena kwa kujivuna.

Baadaye vita vilitupeleka ng'ambo ya ziwa, tukarudi, na kila aliyerudi alikuta mpaka wake umehama. Ndipo sisi mama wa kanisa tulipokata shauri kuandika mashamba yote ya Lweba, moja baada ya jingine. Tulikuwa na kamba ndefu yenye mafundo. Katika kila pembe ya shamba mtu mmoja alishika kamba, na aliyeshika kamba ilimlazimu aseme kwa sauti shamba hilo ni la nani. Majirani wakajibu pamoja, "Ni kweli." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu: hushiki kamba ya shamba unalobishania. Mimi niliandika kwenye daftari kubwa, mume wangu akapiga picha kila pembe kwa kamera yake ndogo. Tukirudi Baraka, nilichapa yote kwenye mashine, ile aliyoinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga na kuuza vitu vyake.

Daftari lilikufa maji. Ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mpaka magotini, tulipandisha watoto kwa jirani na mashine juu ya kabati, lakini daftari lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Tulipolitoa lilikuwa uji. Hatukusikitika sana. Tulisema, si tunayo mashine?

Kisha homa ikamchukua mume wangu kwa siku nne.

Sitaandika mengi kuhusu siku zile. Nitaandika kuhusu siku ya kutoa matanga. Niliwapikia watu bugali na sombe la majani ya mihogo, vyote kutoka shamba lile lile la Lweba. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikula akamaliza, akanawa, akasimama.

"Shemeji, ile shamba ya Lweba ilikuwaka ya baba yetu. Sasa inarudia mu famille."

Aliimaliza sahani kwanza. Sitamsahaulia hilo.

Mzee wa kijiji aliyetupa kichaka alikuwa amekwisha kufa, na shefu, yaani chifu, wa sasa wa Lweba ni mgeni kwa mambo ya zamani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye hawezi kuhukumu kwa maneno ya mdomo, mwenye ushahidi aulete kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha bila ushahidi, shamba litakuwa la ukoo, na shemeji atapanda. Nikasema sawa. Nilikuwa na mashine, nilikuwa na orodha, nilikuwa na picha. Nilirudi Baraka nikiimba.

Nikawasha, nikakuta folda zote zina kamshale kadogo pembeni. Nikibofya, mashine inanijibu kwamba kitu hicho hakipatikani. Zote. Za mitihani ya mume wangu, za kanisa, na ile niliyoiita MASHAMBA LWEBA.

Kosa lilikuwa langu, na nalikiri. Korali yetu haijifunzi nyimbo kwa manota. Sisi tuna flash moja ya korali yenye nyimbo zote, nayo inatembea nyumba kwa nyumba: leo kwa mwenye sauti ya kwanza, kesho kwa wa pili, na kila nyumba inachomeka, inasikiliza, inapitisha. Mimi ni sauti ya tatu. Ilipofika zamu yangu, flash ile ilikuwa imekwisha kulala katika nyumba tisa, na nikaichomeka kwa mkono wangu huu nikingoja baraka. Virusi iliingia na wimbo wa Pasaka.

Na hapa mjini kwetu kila mtu alijua dawa yake. Folda ikipata mshale imekufa, unafuta, unaanza upya. Rais wa korali alifuta. Jirani yangu alifuta picha za harusi ya binti yake, akalia siku mbili, kisha akazoea. Sijui ni harusi ngapi na ubatizo ngapi Baraka imetupa kwa mikono yake yenyewe, kwa sababu ya mshale.

Shemeji alipata habari upesi. Alikuja nyumbani na sura ya huruma.

"Shemeji, hapana kujisumbua. Hata fundi alisema iko mufu. Unipatie, niipeleke Uvira, kule banauzishaka bipande."

"Nani amekuambia ninauza maiti?" nilimwuliza.

Hakukaa hata kunywa maji. Lakini baada yake walikuja wengine, watu wazuri, wanaonipenda, wakaniambia nivumilie, mwanamke hashindani na ukoo wa mume, nitafute shamba lingine. Nivumilie! Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa msichana, na sijawahi kusikia mwanamume akiambiwa avumilie kunyang'anywa shamba. Niliwashukuru, nikawasindikiza mpaka mlangoni, nikafunga.

Nilikwenda Fizi kwa mkutano wa walimu. Kule juu kuna masera mmoja, mtawa wa Kikatoliki, anayefundisha wasichana kuchapa, na mkutano ulipochelewa kuanza nilipita darasani kwake kusalimia. Nilikuta mashine nane zimejipanga, nyingine zimezeeka kuliko yangu, moja imefungwa ubavuni kwa kamba ya katani. Zote zilikuwa zinafanya kazi.

"Masera, izi mashine munazilishaka nini?"

Akacheka. "Nazilisha Linux, mama mwalimu. Iko programu ya bure. Bantu bamoja banaitengenezaka, banaigawa. Hakuna wa kuja kukuambia mashine yako iko muzee, nunua ingine."

Nilimsimulia yangu yote: virusi, fundi, shamba, mvua. Nilipofika kwenye mishale alininyamazisha kwa mkono.

"Walikuambia folda zimekufa? Mama, iyo virusi haikulake kitu. Inafichaka tu. Inaficha folda ya kweli, inaweka ya uongo pahali pake. Linux haiogopake iyo. Ukifungulia mule, utaona bintu byote."

Nilikaa. Nikamwambia anifundishe.

Akanipa flash, akanifundisha mara tatu, na kila mara akanitaka nimrudishie maneno kama mwanafunzi. Nisiweke kitu chochote kwanza. Niiwashe mashine kutoka kwenye flash yenyewe, niangalie ndani tu, nisiguse. Nikiona vyangu, nivitoe nje. Ndipo, nikipenda, niweke programu ile moja kwa moja.

"Na ukibonyeza iyo ya mwisho, ile ya zamani haitarudia tena. Ufikiri mbele ya kubonyeza."

Mimi ni mprotestanti, mtoto wa mprotestanti. Nilimwuliza kama nitalazimika kusali Salamu Maria kabla ya kuwasha. Akasema kwa mashine ya zamani namna ile, haidhuru.

Kwangu umeme unatoka juani. Tuna sahani moja ya jua juu ya bati, betri moja, na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uweze kulisha mashine. Betri ikichoka, konvertisa inalia kama kifaranga, na unajua una dakika chache. Kwa hiyo kazi yangu yote niliifanya saa sita na saa saba za mchana, watoto wakiwa shuleni, mimi nikitoka jasho.

Mara ya kwanza nilishindwa kwa sababu ya kitufe. Masera alisema nibonyeze F12 mara tu mashine inapoamka, na kwenye klaviye yangu, ule ubao wa vitufe tuliousahau chini maji yalipoingia, F12 ilikwenda na mafuriko, palibaki tundu. Niliingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu, bure. Siku iliyofuata niliazima klaviye ya shule. Mara ya pili wingu likasimama juu ya bati langu, konvertisa ikalia kabla sijaona kitu. Nililitukana wingu lile kwa Kibembe, kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Upande wa milima tayari kulikuwa kunakusanyika weusi wa mvua.

Mara ya tatu ikafunguka.

Ilikuwa skrini nyingine kabisa, tulivu, yenye picha ya mlima nisioujua. Nikatafuta mahali masera aliponielekeza, nikafungua. Folda zilikuwepo. Zilisimama zote, na kando ya kila moja imesimama ile ya uongo yenye mshale, ndogo, haina kitu. MASHAMBA LWEBA. Nikaifungua. Orodha ipo. Picha zipo. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeungua, akanikuta nimesimama mbele ya mashine nalia na kucheka, naipiga meza makofi. Nilikuwa na furaha, ndiyo, lakini nilikuwa na hasira zaidi. Miezi yote ile niliambiwa hakuna kitu mle ndani, na kitu kilikuwa mle ndani.

Nikaangalia picha moja moja. Nilipofika shamba letu, pembe ya chini, karibu na mchikichi uliopinda, nikaona aliyeshika kamba. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile tulikuwa wengi, jua lilikuwa kali, nani angekumbuka kila mkono. Nilimtazama mpaka konvertisa ikaanza kulia.

Jirani yangu, yule wa picha za harusi, aliona pia. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na betri yake kichwani.

Nilitoa vitu vyote nje, kwenye flash mbili. Ningeweza kuishia hapo. Lakini ile programu ya zamani ilikuwa inachukua dakika ishirini kuamka, na flash nyingine ya korali ingeweza kuifunga tena kesho. Na mimi nilikwisha kuamua kwamba mbele ya shefu nitafungua mashine yenyewe, siyo karatasi. Ilibidi niibadilishe.

Kuweka programu mpya kunachukua saa nzima na zaidi, betri moja haifiki. Jirani alipita kwa mama wengine wa ile kamba, wale wanaokaa Baraka, na siku iliyofuata sebuleni kwangu palikuwa na betri nne na mama watatu, na mmoja alikuwa ameleta mihogo ya kuchemsha kwa sababu hajui kuja mikono mitupu. Tulizifunga betri pamoja kwa waya. Nikafuata hatua zote mpaka ile ya mwisho.

Hapo nikasita. Kila nilipowasha mashine kwa njia ya zamani, kabla ya kitu kingine, lilitokea jina la mume wangu. Yeye ndiye aliyeliandika siku alipoileta nyumbani. Tangu afe, nilikuwa ninaiwasha wakati mwingine kwa ajili ya hilo tu, naliona, nazima. Nikibonyeza, jina lile haliji tena.

"Uko nangoja nini?" mmoja wa wale mama akaniuliza.

Nikamwambia. Kisha yule wa mihogo akasema, polepole, "Mama, jina yake iko kwa batoto. Shamba njo inataka kutoka mu mikono yako."

Nikapiga moyo konde, nikabonyeza.

Mstari ukaanza kutembea. Tukala mihogo. Tulibadilisha betri moja, tukamkaripia paka aliyetaka kulala juu ya waya. Na kabla ya kumaliza, mashine ikaniuliza jina langu. Miaka yote ile nilikuwa nikichapa chini ya jina la mtu mwingine, na sikuwahi hata kuliona hilo. Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, kwa herufi kubwa.

Tulikwenda Lweba siku ambayo mbingu ilikuwa imeshuka mpaka juu ya michikichi. Pikipiki mbili: moja ilibeba mashine na betri, nyingine ilinibeba mimi na skrini mapajani, imefungwa vitenge viwili kama mtoto mwenye homa. Shefu alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake na wazee wawili. Shemeji alikuwa amefika mapema, amevaa koti. Na wale mama wa kamba, wa Lweba na wa Baraka, walikuwa wamekaa chini kwenye mkeka, wengi kuliko nilivyotegemea.

Nilianza kwa karatasi, kwa heshima. Nilikuwa nimechapisha ukurasa wa shamba langu. Shefu akausoma, akampa shemeji. Yeye akautazama kidogo, akatabasamu.

"Shefu, iyi karatasi anaweza kuiandika hata jana. Yeye njo mwenye kujua kuandika."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Hata mimi ningesema hivyo. Nikawaomba wanipe meza.

Nilipoanza kufungua vitenge, tabasamu lake lilipungua. Nilipounga betri, akasimama.

"Iyo mashine si ilikufaka?"

"Walisema ilikufa," nikajibu.

Iliamka kwa muda mfupi, hata shefu hakupata nafasi ya kubadilisha mkao. Jina langu likatokea. Nikafungua folda niliyokuwa nimeirudisha ndani, nikafungua picha ya kwanza, pembe ya juu, mzee wa zamani yumo, marehemu, amesimama na fimbo yake. Wazee wale wawili wakasogea, mmoja akaita jina lake kwa sauti ya chini. Pembe ya pili. Pembe ya tatu. Kwenye mkeka mama walikuwa wakijitambua, wakicheka vitambaa vyao vya zamani, wakinyamaza walipoona waliokwisha kwenda.

Kisha pembe ya nne, mchikichi uliopinda. Kijana mwembamba, shati wazi, kamba ameishika kwa mikono miwili juu ya kifua, mdomo umefunguka. Anasema kitu kwa nguvu. Nyuma yake mimi, na daftari.

Shefu aliinama karibu na skrini mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. "Huyu mwenye kushika kamba ni nani?"

Wote walikuwa wanamtazama mwenye koti.

Konvertisa ikaanza kulia. Nilikuwa nimeonyesha picha nyingi mno, na jua halikuwepo siku mbili. Skrini ikapepesa, ikazimika, na uso wa yule kijana ukapotea. Shemeji akavuta pumzi. Nilimwona akivuta pumzi.

"Mungoje," shefu akaniambia. "Tutafute betri ingine, nione tena vizuri."

"Hapana, shefu," nikasema. "Mumuulize yeye. Yeye haombake betri."

Shefu akageuka. "Siku ile, wakati ulishika kamba, ulisema nini?"

Shemeji alitazama ile skrini nyeusi, kisha mkeka, kisha mimi. Tone la kwanza la mvua likapiga bati la shefu, na la pili. Alifungua kifungo cha koti kana kwamba kinamkaba.

"Nilisema," akaanza. "Nilisema, shamba ya shemeji yangu."

Na mama wote pale chini, bila kuambiwa na mtu, wakajibu pamoja, "Ni kweli."